Zege Lililogongwa Likafanana na Mwamba

Wengi wanaopanda Mlima Paarl, katika jimbo la Rasi ya Magharibi nchini Afrika Kusini, huanza na maana. Nguzo hii ni ya nini? Yale makuba matatu je? Mnara wa lugha ya Kiafrikaans ulijengwa makusudi uulizwe hivyo. Sisi tuliofika na watoto tulikawia kwenye jambo jingine kabisa: uso wa zege lake.

Msanifu, Jan van Wijk, alitaka jengo lionekane limechomoza kutoka mlimani, na mlima wenyewe ni majabali ya matale, makubwa na ya mviringo. Sasa, kufananisha zege na matale si kazi ya rangi. Zege likimiminwa, uji wa saruji hukimbilia kwenye mbao zinazolizuia na kuacha utando laini wa kijivu, wenye alama ya kila ubao na kila kiungio. Kwetu tungepiga lipu, tukapaka rangi, yakaisha. Hapa waliubandua. Zege lilichanganywa na matale ya hukohuko, likaachwa likomae, kisha uso ukagongwagongwa hadi kokoto zikatokeza.

Fundi yeyote anajua hatari yake. Zege likigongwa kabla ya kushika, kokoto hung'oka na kuacha mashimo. Mkono ukiwa mwepesi, utando hubaki mabaka mabaka. Ukiwa mzito, ukingo humegeka, na hakuna kiraka kitakachoficha kosa hilo. Mwanangu alipitisha kiganja ukutani akakiondoa upesi, maana unakwaruza. Ukisogeza jicho unaona punje nyeupe, za kijivu, na vijipande vinavyometa juani. Rudi nyuma kidogo, punje zote zinapotea na ukuta unashika rangi ya majabali ya jirani.

Halafu kuna umbo. Nguzo kuu ina kimo cha mita 57 hivi, nayo haipandi wima tangu chini. Inaanza kwa kulala, inajikunja taratibu, kisha inachomoka. Kila kimo kina upana wake, kwa hiyo mbao zilizofaa chini hazifai juu vilevile. Mkunjo huo van Wijk aliupata kwa mwandishi C.J. Langenhoven, ambaye mwaka 1914 aliwaambia wasikilizaji wake wafikirie nguzo kumi zimesimamishwa ukumbini, moja kwa kila mwaka, na kila moja imetiwa alama kuonyesha kadiri Kiafrikaans kilivyoandikwa mwaka huo. Mstari wa kuunganisha alama hizo, alisema, ungetoka karibu na sakafu na kupanda kwa kasi hadi darini. Mafundi ndio walioupa mstari huo uzito wa nondo na saruji.

Mnara ulizinduliwa tarehe 10 Oktoba 1975. Juni iliyofuata, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusomeshwa kwa lugha hiyohiyo, wakapigwa risasi. Mtu anaweza kuusifu mkono wa fundi bila kulisahau hilo, na watoto tuliwaambia yote mawili palepale.

Kitu kimoja tu kwenye ujenzi wenyewe kinanikera. Mchango wa lugha ya Kimalay kwa Kiafrikaans umepewa ukuta mfupi karibu na ngazi, unaopitwa kirahisi na mtu mwenye haraka ya kwenda kupiga picha chini ya nguzo. Waislamu wa Rasi, ambao wengi wao huitwa Wamalay na ni wazao wa watumwa, waliandika Kiafrikaans kwa herufi za Kiarabu katika karne ya 19, kama wazee wa pwani yetu walivyoandika Kiswahili. Kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi, kilichoandikwa hivyo, kilichapwa Istanbul mwaka 1877. Ningepewa mimi kuligawa upya zege lile, ningepunguza mita kadhaa kwenye ncha ya nguzo na kuuongezea ukuta huo.