Sekunde Kumi na Mbili za Kanzu

Kazi inaanza na barafu. Maji ya bomba mjini Zanzibar hutoka yakiwa na joto la nyuzi 28 na wakati mwingine zaidi, na dawa ya kusafishia filamu inataka 20. Dawa ikiwa ya moto, filamu huiva haraka kuliko mkono unavyoweza kuifuata, na utando wa jelatini uliobeba picha hulainika hadi ukucha ukipita unauchubua. Kwa hiyo Maalim, fundi wa picha, hupanga chupa zake tatu ndani ya beseni, hutia vipande vichache vya barafu, hungoja, husoma kipimajoto, kisha hutia tena. Akizidisha, dawa itapoa mno na itabidi kuanza kuipasha. Robo saa nzima inaweza kuishia kwenye beseni hilo, na hakuna mtu anayeonekana kuona kuwa muda unapotea.

Chumba chake cha giza kilikuwa stoo ya nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe. Kuta zake ni za mawe na chokaa, nene, na dirisha lake limezibwa kwa ubao na kitambaa cheusi. Mwanafunzi wake ni msichana kiziwi. Maalim alijifunza lugha ya alama ukubwani, na alama ikimpotea huandika neno kwa kidole kwenye kiganja cha msichana. Chini ya taa nyekundu ya kusafishia picha wanazungumza bila taabu, mikono yao inaonekana vizuri. Tatizo ni filamu. Karatasi ya picha haidhuriki na mwanga mwekundu, ila filamu inaona rangi zote, na kuitoa kwenye mkebe wake na kuizungusha kwenye kigurudumu cha tangi lazima kufanyike gizani kabisa. Humo hakuna alama inayoonekana.

Wameshapatana. Maalim anaweka mkono wake juu ya kifundo cha mkono wa msichana. Akibana mara moja, maana yake simama. Akibana mara mbili, endelea. Nje kuna balbu ndogo juu ya mlango, na kijana wa dukani analinda. "Taa inawaka, bibi, subiri kidogo tu," nilimsikia akimwambia mteja, na bibi akavuta kiti. Ndani, kitu pekee kilichosikika kilikuwa mlio mwembamba wa filamu ikiingia kwenye mifereji ya kigurudumu. Inaingia ikiwa imepinda kidogo, kingo zake zimeshikwa kwa dole gumba na cha shahada, bila kidole kugusa uso wake. Ikikwama, haisukumwi. Inarudishwa nyuma nusu mzunguko, inanyooshwa, inaanza upya. Mifuniko ilipokazwa na taa kuwashwa, nilimwona msichana akijifuta jasho kwa upindo wa mtandio wake.

Baada ya hapo ni tangi kupinduliwa taratibu, kwa nusu dakika ya mwanzo mfululizo, kisha mara chache kila dakika. Dawa inamwagwa, inafuata ile ya kuzuia, yenye ukali wa siki, halafu ile iitwayo haipo (hypo), chumvi ambayo John Herschel alitambua mwaka 1819 kuwa huyeyusha chumvi za fedha, na ambayo tangu 1839 imekuwa ikitumika kuziyeyusha chembe za chumvi ya fedha ambazo mwanga haukuzigusa. Bila haipo picha yote ingegeuka nyeusi siku ya kwanza ya kukaa juani. Filamu inasafishwa kwa maji na kuanikwa ndani ya kabati lililofungwa, kwa sababu vumbi likigandia wakati wa kukauka halitoki tena.

Mji huu unaijua kazi hii tangu zamani. Karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, Wagoa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho walikuwa tayari na studio zao hapa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, akairithisha kwa mwanawe Rohit, na mpaka leo ukipita Barabara ya Kenyatta utaona kuta zilizojaa nyuso za Unguja ya zamani, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Watu hutazama nyuso hizo wakasema, "Wallahi, huyu ni babu!" Ni haki yao. Mimi hutazama zaidi namna nyuso zilivyosafishwa, maana sasa najua ugumu wake.

Ugumu wenyewe ulikuwa kwenye negativu waliyoichagua. Mzee amekaa kwenye baraza mbele ya mlango wa nakshi, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua. Mjukuu wake amesimama kando, buibui jeusi tangu kichwani mpaka miguuni. Nyuma yao ni ukuta wa chokaa unaong'aa jua la asubuhi. Weupe mtupu, weusi mtupu, na baina yao uso wa rangi ya maji ya kunde wenye mikunjo ya miaka themanini. Karatasi ya picha haina nafasi ya kuyabeba yote hayo kwa mara moja. Filamu za kale, zisizoona rangi nyekundu, ziliifanya ngozi nyeusi kuwa nyeusi zaidi ya ilivyo. Za baadaye ziliponya nusu ya tatizo, na nusu iliyobaki ni ya mikono.

Msichana alikata ukanda wa karatasi, akauweka chini ya mashine ya kukuzia, akaufunika kwa kadi na kuufunua hatua kwa hatua: sekunde 4, 8, 12, 16, 20. Ukanda ukaingia kwenye trei. Dakika mbili baadaye jibu lilikuwa wazi. Kwenye 8 uso wa mzee ulikuwa uso wa mzee, lakini kanzu ilikuwa karatasi tupu. Kwenye 20 darizi ya shingoni ilionekana uzi kwa uzi, na uso ukawa kivuli. Buibui lilihitaji 5 tu. Zaidi ya hapo mikunjo yake yote ilizama.

Basi picha moja ikapewa nyakati tatu. Kuhesabu sekunde, mafundi wengi husikiliza mshindo wa saa. Hapa kuna metronomu ya zamani ya kutia ufunguo, imewekwa juu ya meza ya mbao, na msichana ameegemeza kiwiko chake mezani ili kila mshindo umfikie mfupani. Mikono yote miwili inabaki huru. Taa ya mashine ikawaka. Kwa sekunde 3 kati ya 8 alilikinga buibui kwa kipande cha kadi kilichofungwa kwenye waya mwembamba, akikitikisa bila kupumzika. Kisha akachukua kadi kubwa yenye tundu na kuimwagia kanzu mwanga wa sekunde 12 zaidi, tundu likizunguka kama mtu anayenyunyizia bustani maji, likikwepa kidevu. Kadi ikisimama mahali pamoja, hata kwa sekunde moja, huacha alama ya duara ambayo jicho la kila mtu huiona bila kujua ni nini.

Picha ilitokea ndani ya dawa kwa mpangilio wake: mlango kwanza, buibui, uso, na mwisho kabisa kanzu. Maalim aliinyanyua kwa koleo, akaipitisha kwenye siki na haipo, akawasha taa nyeupe. Alitazama viua vya kofia kwa kioo cha kukuzia, maana vitundu hivyo vidogo ndivyo husema kama picha imekaza. Kisha akagusa kidevu cha mzee kwa kidole. Palikuwa na mwanga hafifu pembeni yake, wa kadi iliyochelewa. Akafanya alama ya "tena", bila kukunja uso.

Picha iliyofuata ilikaa ndani ya maji yanayopita kwa saa nzima. Haipo ikibaki kwenye nyuzi za karatasi, picha huanza kugeuka manjano, na unyevunyevu wa pwani huharakisha. Ilipokauka, msichana alichukua brashi yenye nywele chache, akaichovya kwenye rangi ya kijivu, akaipunguza kwenye ukucha, akagusa doa moja la vumbi kwenye ukuta. Nukta, halafu nukta, mpaka doa likafanana na jirani zake. Nyuma ya picha akaandika kwa penseli: 8, buibui toa 3, kanzu ongeza 12.

Familia iliagiza nakala nne. Maandishi yale ya penseli yanasaidia, lakini kila nakala hukingwa na kumwagiwa mwanga upya, na mikono haiwezi kurudia jambo lile lile sawasawa. Zilipokauka zote, Maalim alifungua mlango na kuzipanga sakafuni penye mwanga wa ua. Msichana alizipitia mara mbili, akaiokota ya tatu, akamwonyesha bega la kanzu lililofifia, akaenda kukata karatasi nyingine.