Weber Tatu, Makoo Sita: Datsun 240Z Imeamka!

Jamani, masikio bado yananivuma! Nimeshuka sasa hivi kwenye Datsun 240Z ya mwaka 1972 iliyofungwa kabureta tatu za Weber 40 DCOE, na nasema bila kusita: hili ni gari jingine kabisa.

Hapa kwetu 240Z haihitaji kutambulishwa. Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally mwaka 1971, Shekhar Mehta akashinda nayo 1973. Kiwandani, injini yake ya silinda sita, lita 2.4, ilipewa kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU, na nguvu ikatajwa kuwa farasi 151. Ni kabureta tulivu, hazisumbui. Ila kila moja hulisha silinda tatu, na ndani yake mna pistoni inayongoja hewa iinyanyue.

Weber haingoji! Kila DCOE ina makoo mawili yaliyolala ubavu. Panga tatu na kila silinda inapata koo lake. Ukikanyaga, pampu ndogo zilizo ndani hurusha petroli papo hapo kwenye makoo yote sita.

Na hiyo papo hapo ndiyo habari yenyewe. Wengi wataulizia farasi wangapi wameongezeka. Mimi nasema weka gia ya tatu, ingia kwenye mlima, kanyaga. Gari linaitika mguu ukiwa bado unashuka! Likipita mizunguko 4,000 sauti inageuka: hewa inavutwa kwa ngurumo nzito inayopita hata mlio wa ekzosi, nawe unajikuta unarudisha gia makusudi ili uisikie tena.

Kabla hatujatoka nilisimama pembeni ya fundi akizisawazisha. Anaweka kipimo cha hewa mdomoni mwa koo la kwanza, anasoma, anahamia la pili, anageuza skrubu kidogo sana, anarudi la kwanza. Taratibu sailensa ikaacha kutetemeka, injini nzima ikatulia. Kazi hii msiifanye kwa haraka. Weber zisizolingana ni mateso matupu.

Tena msikimbilie zile za milimita 45! Kwa injini ya lita 2.4 ya kutembelea barabarani, 40 zinatosha. Koo likiwa kubwa mno hewa inapoteza kasi, gari linakohoa kwenye foleni. Na jeti zichaguliwe kwa mahali unapoishi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, petroli inazidi kwenye mchanganyiko, kwa hiyo jeti kuu iliyokaa sawa Mombasa itazijaza plagi masizi huku juu. Presha ya mafuta nayo iwe ndogo, psi 3 hivi, la sivyo pampu kali ya umeme itaishinda sindano ya kabureta na petroli ifurike. Ekzosi ya zamani iliyobana? Itoeni kwanza, maana injini isiyotoa moshi vizuri haiwezi kuvuta hewa vizuri.

Petroli inaenda zaidi, naam, na sijali hata kidogo! Mwenye 240Z ambayo injini yake ni nzima, yenye mgandamizo mzuri kwenye silinda zote sita, atafute Weber zake sasa. Mimi kesho alfajiri, barabara ya Limuru ikiwa bado haina malori, naomba ufunguo tena.