Mshipi Katika Maji ya Theluji

Katika maziwa ya ndani ya jimbo la Minnesota, Marekani, ni marufuku kuvua samaki aitwaye woliai kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Mei. Ni majira ya kutaga, na sheria inawaachia samaki nafasi. Lakini kwenye Mto Mississippi, pale unapokuwa mpaka wa Minnesota na Wisconsin, uvuvi haufungwi mwaka mzima. Ndiyo maana kila Machi, barafu ikianza tu kuachia, magari yenye kukokota mashua huelekea mji mdogo wa Red Wing, mwendo wa saa moja hivi kutoka Minneapolis. Juu kidogo ya mji huo kuna Bwawa Namba 3. Watu huenda kuvua chini ya bwawa hilo, katika maji ambayo siku chache nyuma yalikuwa theluji mashambani.

Nataka kuusifu uvuvi huo, na najua si wote wanaouona kuwa wa kusifiwa. Nimewasikia wavuvi wazuri, watu ninaowaheshimu, wakiubeza. Samaki wanapanda mto kwenda kutaga, wanakutana na ukuta, wanarundikana; anayesimama hapo na ndoana, wanasema, anaokota kilichokwisha kukusanywa. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Bwawa linakusanya samaki, ni kweli. Lakini halimfanyi hata mmoja wao afungue kinywa. Nenda siku ya Jumamosi mwanzoni mwa Aprili uone mashua zilizosongamana hapo, zote juu ya samaki wale wale: mbili tatu zinapata, zilizobaki zinatoka kapa. Kama ingekuwa kuokota, wote wangeokota.

Basi tumtazame samaki mwenyewe. Woliai ana mwili mrefu, mgongo wa kijani kilichochanganyika na dhahabu, tumbo jeupe, meno makali, na ncha nyeupe upande wa chini wa mkia. Hiyo ncha ndiyo inayomtofautisha haraka na binamu yake mdogo, soga, anayevuliwa hapo hapo na ambaye pezi lake la mgongoni lina safu za madoa meusi. Minnesota ilimfanya woliai kuwa samaki rasmi wa jimbo mwaka 1965. Ila kitu kinachomtambulisha kuliko vyote ni jicho. Ndani ya jicho lake, kwa nyuma, kuna utando unaorudisha mwanga, hivyo ukimmulika kwa tochi usiku linawaka kama la paka. Jicho hilo linamwezesha kuwinda kwenye giza na tope, pale ambapo samaki anaowala hawaoni vizuri. Mvuvi anayelijua hili haendi mtoni saa sita mchana jua likiwa kali na maji yakiwa maangavu, akalalamika. Anakwenda alfajiri, au magharibi inapoingia, au siku ya mawingu mazito, au mto unapochafuka kidogo.

Madume hutangulia kupanda. Majike, ambao ni wakubwa zaidi na huchelewa zaidi kupevuka, huja nyuma yao. Maji yanapofika baina ya nyuzi 6 na 10 za Selsiasi ndipo kutaga kunapopamba moto. Hufanyika usiku, kwenye maji ya kina kifupi: jike mmoja na madume kadhaa ubavuni mwake, mayai yanamwagwa juu ya kokoto na mawe, na kwa hapo wazazi wamemaliza. Hawajengi kiota, hawalindi. Katika sehemu hii ya Mississippi wapo pia wanaoingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ya mafuriko na kutaga humo. Jike mkubwa hubeba mayai zaidi ya laki moja, na katika hayo wanaofikia umri wa kuzaa ni wachache mno. Nitalirudia jambo hili, maana bila hilo sifa zote ninazozitoa hapa hazina thamani.

Lakini Machi inapoanza maji bado yana nyuzi mbili au tatu tu. Damu ya samaki huwa na joto la maji aliyomo, na katika baridi hiyo mwili wake unatumia chakula kidogo sana. Hafukuzi kitu. Anakaa chini kabisa, ambako msuguano wa mchanga na mawe unaupunguza mwendo wa mto, au nyuma ya ukuta wa zege, au kwenye ule mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na maji yaliyotulia, ambao mara nyingi unauona kwa povu linaloelea juu yake. Hapo anangoja chakula kipite karibu na mdomo. Kikipita kwa kasi, anakiacha. Kikipita nusu mita juu yake, anakiacha vilevile. Kazi ya mvuvi ni kukifikisha chambo mahali padogo hivyo, polepole hivyo, chini ya mita tano au nane za maji yanayokimbia na asiyoweza kuona ndani yake.

Zana ya kufanyia kazi hiyo ni ndogo kuliko mtu anavyotarajia: ndoana iliyosubiwa risasi kichwani, na juu yake samaki mdogo hai wa urefu wa kidole, aliyetungwa kupitia mdomoni. Siku hizi wengine wanatumia tangsteni badala ya risasi, na ni bora, kwa sababu ndege wa majini wanaomeza risasi hufa kwa sumu yake. Duka la chambo lina vichwa hivyo vya gramu 3.5, 5, 7, 10 na 14, na mgeni hudhani tofauti zake ni za rangi tu. Uzito ndio ufundi wenyewe. Ukiwa mwepesi, mkondo unaubeba na chambo hakifiki chini. Ukiwa mzito, kinafika na kubamiza, kisha kinalala mchangani kama mzoga, nawe huhisi kitu zaidi ya uzito wake. Unaotafutwa ni ule mwepesi kuliko wote ambao bado unagusa chini. Na huo hubadilika, kwa sababu mto hubadilika: lango moja la bwawa likifunguliwa zaidi asubuhi, gramu 7 zilizokuwa sawasawa saa moja zinakuwa si kitu saa tatu. Anayepata samaki kwa kawaida ni yule aliyekata mshipi na kufunga kichwa kingine mara kadhaa tangu afike, vidole vikiuma kwa baridi, wakati jirani yake angali na kile alichokifunga nyumbani.

Kisha kuna mashua. Mvuvi anaiacha iteremke na mto, lakini kwa mota ndogo ya umeme iliyoko omoni anaizuia au kuisogeza, hadi mwendo wake ulingane na mwendo wa chambo kule chini. Dalili iko kwenye mshipi. Ukiingia majini wima, mashua na chambo vinakwenda pamoja. Ukilala kuelekea upande wowote, ama mashua inakosea ama uzito unakosea, na mwenye ujuzi anajua ni kipi bila kufikiri.

Mkono wa fimbo unafanya jambo dogo sana. Unainua kiasi cha upana wa kiganja, unashusha, unatulia. Siri iko kwenye kushusha. Mshipi usikaze, maana utamzuia samaki mdogo asianguke kwa njia yake. Usilegee pia, maana hutasikia. Unaufuata ukishuka, ncha ya kidole cha shahada ikiwa juu yake, kama wafanyavyo wavuvi wa mshipi kule Lamu wasiotumia fimbo kabisa. Woliai wa maji baridi mara nyingi hang'ati kwa kuvuta. Anafungua kinywa, maji yanaingia na chambo ndani yake. Unachokisikia ni kipigo kidogo cha mshtuko, au hata hicho hukisikii: unasikia tu kwamba uzito uliotakiwa kugusa chini haukugusa. Kitu kimekosekana mahali pake, nawe una nusu sekunde ya kukubali kwamba kukosekana huko ni samaki.

Mpwa wangu, aliyezaliwa huku Marekani na aliyezoea kuvua samaki wadogo wa ziwani wakati wa kiangazi, aliishika fimbo hapo kwa mara ya kwanza akaniambia, "Mjomba, imenasa kwenye jiwe."

"Inua pole pole," nikamwambia.

Fimbo ikapinda, ikabaki imepinda, kisha "jiwe" likaanza kuelekea katikati ya mto. Hakupiga kelele. Alitazama mkono wake. Tangu hapo hajaniambia tena kwamba kuvua ni kungoja, na mimi ningependa kila mwenye fikra hiyo apewe mshipi huo kwa asubuhi moja.

Mahali penyewe pana historia ambayo anayevua hapo hana budi kuijua. Mississippi ya juu ilikuwa mto wa mafungu ya mchanga na vijito vinavyohama. Kuanzia mwaka 1878, Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kiliujengea kuta fupi za mawe na mafungu ya matawi, zikitokeza kutoka ukingoni ili kuyasukuma maji katikati na kuchimba njia ya meli. Mwaka 1930 Bunge la Marekani likaidhinisha njia ya kina cha futi tisa, karibu mita 2.7, na mabwawa yakajengwa moja baada ya jingine. Namba 3 lilianza kazi mwaka 1938. Zile kuta za zamani ziko chini ya maji hadi leo, na wavuvi wanazijua moja moja: maji yanapozipanda, upande wa mbele yake hubaki mahali patulivu, na woliai hulala hapo. Maji yaliyoinuliwa na bwawa hilo yalifunika pia sehemu ya ardhi ya jamii ya Wadakota wa Prairie Island, ambao bado wanaishi juu kidogo ya bwawa. Sioni vyema kufurahia samaki wa mahali hapo bila kulisema hilo.

Mabwawa haya ni ya meli. Hayazuii mafuriko. Theluji ya kaskazini ikiyeyuka kwa pamoja, milango mikubwa ya chuma huinuliwa juu kabisa, nje ya maji, na mto unapita kana kwamba hakuna aliyeujengea kitu. Siku hizo maneno ya wanaobeza yanaanguka yenyewe: hakuna ukuta, samaki wanaweza kupita, na wengi wanajibanza pembezoni, kwenye miti iliyozama hadi kiunoni. Mvuvi aliyekuwa akitegemea bwawa limkusanyie anarudi mikono mitupu. Aliyejifunza kuusoma mkondo anahamisha mashua, anafunga uzito mdogo, anaendelea kupata.

Nami nimeupenda uvuvi huu pia kwa watu wake. Tai wenye vichwa vyeupe hukaa kwenye miti ya ukingoni wakiangalia maji yasiyoganda, na chini yao utasikia Kihmong, Kihispania, Kisomali, na siku hizi Kiswahili, kwa kuwa Wakenya na Wakongo wa Minneapolis na St. Paul wameanza kuteremka huko baada ya zamu za usiku. Wenyeji wanaovua hapo tangu utotoni hawafichi uzito walioufunga leo. Unauliza, unaambiwa. Sijaona uvuvi mwingine ambao siri yake kuu hutolewa kirahisi hivyo kwa mgeni, labda kwa sababu wanajua namba bila mkono haimsaidii mtu.

Nyama ya woliai ni nyeupe, imara, haina shombo, na miiba yake ni michache. Minofu miwili ya dume wa sentimita 40, ndimu, kitunguu saumu, chumvi na pilipili manga, kikaango chenye mafuta ya kutosha; nazi si lazima. Usitupe mashavu. Ni vipande viwili vidogo kama sarafu, na ni vitamu kuliko samaki mzima.

Sasa lile nililoahidi. Kuvua samaki katika majira ya kutaga ni ruhusa inayoweza kutumiwa vibaya. Kwenye maji haya ya mpaka woliai aliye chini ya inchi 15, yaani sentimita 38, lazima arudishwe. Hiyo ni sheria, na haimlindi jike mkubwa kama inavyomlinda mtoto. Anayemlinda jike ni mvuvi mwenyewe. Lowesha mikono kabla ya kumshika ili usimvue ute, mshike kwa ulalo na kumkingia tumbo, usiingize vidole kwenye matamvua, na ubinye mapema kimwiba cha ndoana ili itoke bila kupasua. Anayefanya hayo kwa utaratibu, bila kutazama nani anamwona, huyo ndiye namwita fundi, hata kama siku hiyo hakupeleka kitu nyumbani.

Ndugu msomaji uliyeko huku, kama umefikisha miaka 16 kata leseni. Vaa jaketi la kujiokoa tangu mashua inapoondoka, kwa kuwa maji ya nyuzi tatu humlegeza muogeleaji hodari kwa dakika chache. Usipite maboya ya onyo kusogelea milango, maana hapo maji hujigeuza na kuivuta mashua kuelekea bwawani. Chukua madume ya kukutosha kwa mlo. Na jike mwenye tumbo la mayai, awe mkubwa namna gani, mrudishe mtoni kabla ya kutafuta simu ya kumpiga picha.