Wakutubi wa Muhimbili

Daktari mpya anapovishwa joho hutajwa walimu, wazazi, hata wauguzi wa wodini. Mkutubi husahaulika. Kwa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako udaktari umefundishwa tangu 1963, hilo ni deni kubwa.

Mwanafunzi wa uzamili huandika neno moja kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, akaletewa maelfu ya makala, akakata tamaa. Mkutubi humuuliza kwanza: wagonjwa gani, tiba ipi, unailinganisha na nini? Kisha humwonyesha istilahi za kutumia na namna ya kuziunganisha, hadi zibaki makala chache za kusomeka. Tasnifu nyingi, naamini, zimeokolewa hapo.

Kuna pia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002 ili majarida ya bei ya kuruka yasomwe bure au kwa ada ndogo katika nchi za kipato cha chini. Nywila ikigoma, husumbuliwa mkutubi.

Deni hilo lilipweje? Cheti cha mfanyakazi bora Mei Mosi ni kizuri (bahasha ni nzuri zaidi). Watafiti nao wawataje wakutubi kwenye shukrani za makala zao, na mkutubi aliyebuni utafutaji wote aingizwe miongoni mwa waandishi.