Kivumishi na Sura Zake: Maoni juu ya Tafsiri za Kiingereza za Vivumishi vya Kihispania

1. Utangulizi

Katika kazi ya kukusanya na kusanifu istilahi, nomino ndizo zipewazo nafasi ya kwanza. Hujadiliwa vikaoni na kuandikiwa fasili, kisha huchapishwa katika orodha. Kivumishi huachwa nyuma, kwani hudhaniwa kuwa ni kazi nyepesi: ukishapata neno moja la lugha ya pili lililo sawa nacho, shughuli imekwisha. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi, na kwamba imewakosesha hata wafasiri hodari.

Mifano itatolewa katika vivumishi vya Kihispania na jinsi vilivyofasiriwa kwa Kiingereza. Lugha hizo mbili zimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kitabu cha Miguel de Cervantes juu ya Don Quixote kimefasiriwa kwa Kiingereza mara nyingi tangu mwaka 1612, kwa hiyo tunaweza kupima jinsi kivumishi kimoja kilivyoshughulikiwa na watu mbalimbali kwa muda wa karne nne. Pili, Kihispania si lugha ya mbali na sisi kama inavyodhaniwa. Ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, na Itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha Katiba ya Umoja wa Afrika iliorodhesha Kihispania na Kiswahili pamoja miongoni mwa lugha rasmi za Umoja huo. Hata hivyo, maandishi ya Kihispania yanayotufikia hutufikia mara nyingi kwa njia ya Kiingereza. Basi kosa la mfasiri wa Kiingereza huweza kuwa kosa letu pia, na sisi tusijue lilikotoka.

2. Maana halisi na maana ya kitamathali

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba kivumishi kina sura nyingi. Embe bichi halijaiva, nyama mbichi haijapikwa, nguo mbichi haijakauka, na kijana mbichi hajapata uzoefu. Macho makavu ni ya mtu asiye na haya, na chai kavu ni ile isiyo na kitafunio, ingawa kikombe kimejaa. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu nomino inayofuatana na kivumishi ndiyo inayoamua maana.

Kihispania kina tabia hiyo hiyo, na juu yake kina njia mbili zaidi za kubagua maana. Njia ya kwanza ni mahali pa kivumishi. Kikifuata nomino, kwa kawaida huwa na maana yake halisi. Kikitangulia, mara nyingi huelekea maana ya kitamathali. «Hombre pobre» ni mtu fukara, lakini «pobre hombre» ni mtu wa kuhurumiwa, hata kama ana mali. «Amigo viejo» ni rafiki mwenye umri mkubwa, na «viejo amigo» ni rafiki wa siku nyingi. Kiingereza husema «poor man» na «old friend» kwa yote mawili, na mfasiri asiyekuwa mwangalifu huona kuwa amemaliza kazi ilhali hajaianza. Sisi tuna kitu kinachokaribiana na hicho. Tukisema «Juma ni maskini» twazungumzia hali yake ya mali, bali tukisema «Maskini Juma!» twamwonea huruma. Mfasiri wa Kiswahili ana chombo ambacho mwenzake wa Kiingereza hana.

Njia ya pili ni kuwapo kwa vitenzi viwili vya kuwa, «ser» na «estar». Kwa kadiri kubwa, cha kwanza hueleza jinsi kitu kilivyo kwa asili yake, na cha pili hueleza hali kiliyomo. Mtu ambaye «es listo» ni mwerevu. Ambaye «está listo» yu tayari. Tofaa ambalo «es verde» ni la aina ya kijani. Ambalo «está verde» halijaiva. Neno hilo la «verde» lina na maana ya tatu. «Chiste verde» ni mzaha wa aibu, usiosemwa mbele ya wakwe, na «viejo verde» ni mzee mwenye tamaa ya wanawake isiyolingana na umri wake. Waingereza nao wana mzaha wa namna hiyo, lakini huupaka rangi ya buluu, na mzee yule humwita mchafu. Mfasiri anayeshikilia rangi ya kijani atakuwa ameshika neno na kupoteza maana.

3. Sura ya Don Quixote

Tuje sasa kwenye mfano ambao ndio kiini cha makala haya. Don Quixote ni mwungwana wa kijijini mwenye mali kidogo. Alisoma mno hadithi za mashujaa wapanda farasi hata akili ikamruka, akajiona kuwa naye ni shujaa, akatoka kwenda kuondoa dhuluma duniani akifuatana na mkulima jirani yake, Sancho Panza. Katika sura ya 19 ya sehemu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1605, wawili hao wanakutana usiku na watu waliobeba maiti na kushika mienge. Don Quixote anawashambulia na kuwatawanya. Hapo ndipo Sancho anapombandika bwana wake jina la «Caballero de la Triste Figura».

«Figura» ni umbo, sura, au uso. Ugumu uko katika «triste». Maana yake ya kwanza ni mwenye huzuni au chenye kutia huzuni. Lakini kivumishi hiki kikitangulia nomino chaweza kuwa na maana ya kitu duni kisichofaa: «un triste sueldo» ni mshahara usiotosha chochote. Hapa kimetangulia. Naye Sancho aeleza wazi alichokusudia: ameitazama sura ya bwana wake kwa mwanga wa mwenge, akaiona ni mbaya kuliko zote alizopata kuziona, ama kwa uchovu ama kwa kukosa meno, maana meno yalikuwa yameng'olewa kwa mawe katika ugomvi wa sura iliyotangulia. Kwa Sancho, basi, «triste» ni sura iliyochakaa, sura ya kusikitikiwa.

Don Quixote halisikii neno hivyo. Kivumishi kutangulia kwaweza pia kuwa pambo la lugha ya kishairi, nayo ndiyo lugha iliyojaa kichwani mwake. Anakumbuka kuwa mashujaa wa vitabuni walikuwa na majina ya namna hiyo, analipokea kama nishani, na anaazimia kuchorewa sura ya huzuni kwenye ngao yake. Sancho anamjibu kwamba hakuna haja ya kupoteza fedha kwa mchoraji: aonyeshe uso wake tu, inatosha.

Kichekesho chote kimejengwa juu ya kivumishi kimoja. Bwana na mtumishi wanatumia neno lile lile, kila mmoja akiwa na maana yake, na msomaji wa Kihispania anazisikia zote mbili kwa pamoja. Tafsiri inayotoa maana moja tu imemnyamazisha mmoja wao.

Tuzipime tafsiri kwa kipimo hicho. Thomas Shelton, aliyekuwa wa kwanza, mwaka 1612, alisema «Ill-favoured Face», yaani uso mbaya. Hapa Sancho anasikika barabara, lakini haieleweki kwa nini bwana alifurahia jina kama hilo. John Ormsby, mwaka 1885, alisema «Rueful Countenance». Neno la kwanza zamani lilikuwa na maana ya kutia huruma, na kwa hiyo halikuwa mbali na shabaha. Lakini leo humchorea msomaji mtu anayejutia jambo. Neno la pili nalo ni la heshima, si neno la kinywani mwa mkulima. Edith Grossman, mwaka 2003, alisema «Sorrowful Face». Uso umerudi kuwa uso wa kawaida, lakini huzuni imekuwa huzuni tupu, na Don Quixote ameshinda hoja kabla Sancho hajafungua kinywa.

John Rutherford, mwaka 2000, alisema «Sorry Face». Kwa maoni yangu hii ndiyo tafsiri bora kupita zote. Kivumishi hicho cha Kiingereza hubeba majuto na masikitiko kinapofuata kitenzi, na hubeba unyonge na uduni kinapotangulia nomino. Kina mgawanyiko ule ule wa «triste». Tena ni neno la kila siku ambalo mkulima angeweza kulitamka, na mwungwana angeweza kulipamba. Rutherford hakutafuta neno lenye maana ya kwanza ya kamusi. Alitafuta neno lenye utata ule ule.

4. Neno sahihi linapozeeka

Jina la kitabu chenyewe lina kivumishi kigumu vile vile, «ingenioso». Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kipaji cha kuzaliwa. Katika Kihispania «ingenio» ni akili yenye kubuni, na pia ni mtambo. Huko Cuba ni kiwanda cha sukari. Mwaka 1575 tabibu Juan Huarte de San Juan alichapisha kitabu mashuhuri juu ya aina za akili za watu na elimu ifaayo kila aina, na kilipofasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1594 neno lililotumiwa kwa akili hizo lilikuwa «wits». Kwa hiyo Shelton alipomwita Don Quixote «wittie» hakukosea. Alitumia neno la zama zake. Ni neno lenyewe lililohama baadaye, na leo laashiria mtu mcheshi mwenye kujibu kwa haraka. Wafasiri wengi waliofuata wametumia «ingenious», ambalo kwa msomaji wa leo ni mtu hodari wa kubuni zana au mbinu, hali Don Quixote hakubuni zana yoyote; alibuni ulimwengu mzima kichwani mwake. Yafaa ikumbukwe, basi, kwamba kivumishi kilichosanifiwa vyema huweza kuhitaji kusanifiwa tena.

5. Mafunzo kwa kazi yetu

Nakiri kwamba hoja hizi hazikunijia kwa kusoma Cervantes peke yake. Niliwahi kuandaa rasimu ya orodha ya maneno ya hoteli na mapishi, nikitegemea safu ya Kiingereza iliyokuwa yenyewe imetolewa katika Kihispania. Palipoandikwa «rich food» niliandika «chakula chenye mafuta mengi», ambayo ndiyo maana ya kawaida ya maneno hayo kwa Kiingereza. Mwenzangu anayejua Kihispania alinionyesha kuwa asili yake ilikuwa «comida rica», yaani chakula kitamu. Safu zote mbili zilionekana safi, na hakuna mhariri ambaye angegundua kosa kwa kuzitazama.

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matatu. Kwanza, kivumishi kisiingizwe katika orodha peke yake. Kiandikwe pamoja na nomino angalau mbili au tatu kinazofuatana nazo, na kila moja ipewe tafsiri yake. Pili, istilahi iliyopitia lugha ya kati irudishwe kwenye lugha yake ya asili kabla ya kupitishwa. Tatu, katika maandishi ya fasihi tusiharakishe kuondoa utata. Kwanza tuulize kama utata huo una kazi, na kama unayo, tuutafute katika Kiswahili.

Mara nyingi tutaupata. Anayefasiri kwa kumfuata Grossman ataandika «sura ya huzuni», na anayemfuata Shelton ataandika «sura mbaya». Lakini anayerudi kwenye Kihispania ana njia ya tatu: «Mwungwana wa Sura ya Kusikitisha». Habari ya kusikitisha hutia huzuni, na barabara ya kusikitisha ni barabara mbovu. Sancho angelisema neno hilo kwa maana yake, na bwana wake angelipokea kwa maana yake, na wote wawili wangebaki wakizungumza.