Vitabu Vitatu Vilivyotuhubiria

Wachungaji tuna tabia moja ambayo ni vema tuiungame mapema: vitabu vingi tunavisoma tukitafuta mahubiri. Tukipata mfano mzuri tunaupigia mstari, kisha tunafunga kitabu. Mwaka uliopita tulijaribu kusoma kwa namna nyingine, jioni baada ya chakula, bila kalamu mkononi. Kati ya vitabu tulivyovimaliza, vitatu tunawasihi washarika wavitafute. Havikutupa mahubiri, vilituhubiria sisi wenyewe.

Cha kwanza ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971. Wengi wetu tulisikia habari zake kabla ya kuisoma, kwa kuwa iliwahi kuzuiwa shuleni. Jina lake ni sifa ambayo ndugu zetu Wakatoliki humpa Mama wa Bwana katika litania. Lakini Rosa wa riwaya ni binti wa Ukerewe, mtoto wa Zakaria, baba mlevi asiyejitawala mwenyewe lakini anayetaka kumtawala binti yake kwa fimbo. Anapogundua barua ya mvulana, anampiga vibaya. Tangu hapo Rosa anajua kuwaogopa wanaume, ila hajui kuishi nao. Akifika chuo cha ualimu Morogoro, hana ndani yake kitu cha kumlinda, maana ulinzi wake wote ulikuwa fimbo, na fimbo imebaki nyumbani. Anaanguka. Baadaye anajitahidi kuanza upya, lakini mchumba anamkataa kwa sababu ya yaliyopita, naye anajiua.

Wanaosema kitabu hiki kinafundisha uasherati tunadhani hawakukisoma mpaka mwisho. Dhambi haikupambwa humo. Kila dhambi ina gharama yake, na anayelipa ni yule yule msichana. Kasoro ipo: wanaume wengi wanapita kama vivuli, na msiba unafuata msiba upesi mno, hata msomaji hana nafasi ya kuvuta pumzi. Hata hivyo mwandishi ameona jambo ambalo Kanisa huchelewa kuliona, kwamba hofu si utakatifu.

Hapo ndipo kitabu kilipotushika. Miezi michache kabla ya kukisoma, binti mmoja wa kwaya alipata mimba nje ya ndoa. Tulifuata utaratibu. Jina lake lilisomwa kanisani, akatengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu na kurudi kundini. Aliyelisoma jina lile ni sisi, kwa sauti ile ile tunayotangazia ndoa. Jina la mwanamume halikusomwa, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Tulipomaliza Rosa Mistika tulikwenda kwao. Mama yake alituwekea chai, na yule binti akaketi mlangoni na mtoto mgongoni. Tulimwomba radhi, kisha tukamwuliza yaliyompata. Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema, "Baba Mchungaji, mbona siku ile hamkuniuliza?" Hatukuwa na jibu.

Kitabu cha pili kilitusaidia kuelewa ukimya wetu. Ni Maisha Pamoja cha Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, ambacho tulikisoma kwa Kiingereza. Aliongoza chuo cha wachungaji huko Finkenwalde hadi polisi wa Hitler walipokifunga mwaka 1937, na kitabu kikatoka mwaka 1939. Ni kitabu chembamba kinachotaka kusomwa polepole. Sehemu ya mwisho inahusu kuungama. Anaonyesha kwamba usharika wa wacha Mungu watupu haumruhusu mtu kuwa mwenye dhambi. Basi kila mmoja anaficha yake na kubaki peke yake katikati ya watu. Yapo mahali anapokuwa mkali, kama mwalimu anayewaandikia vijana wasio na watoto wala mashamba. Lakini mtu huyu alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945 akiwa na miaka 39, mdogo kuliko sisi tunaoandika haya. Ukali wake alianza kuutumia juu yake mwenyewe.

Cha tatu ni Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulikifunika. Tunarudi kwake tukikuta kesi: Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na mshtaki wake ni Majivuno. Wahusika wanazungumza kama vitabu, na majina yao yanatoboa siri zao mapema. Lakini Karama anapewa nafasi ya kujitetea, naye anawataja wajumbe sita waliotumwa nje, wakarudi na mema, wakatupwa gerezani. Kwa sababu amesikilizwa, nchi inapona. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, naye ametufundisha kitu kuhusu baraza la wazee wa kanisa: mshtakiwa asiyesikilizwa ni hasara ya nchi nzima.

Hatusemi nidhamu ya Kanisa iondolewe. Bwana wetu alimwambia yule mwanamke asitende dhambi tena, ila kwanza alisema naye, na waliomshtaki walikuwa wamekwisha kuondoka. Sisi tuliugeuza mpangilio huo.

Wazazi, someni Rosa Mistika ninyi kwanza, kisha wapeni vijana wenu wakubwa, mkizungumze mezani. Wazee wa kanisa, anzeni na Kusadikika. Maisha Pamoja twaweza kukisoma katika jumuiya, sura moja kwa juma. Yule binti amerudi kwaya. Baraza letu bado halijakubaliana kuhusu kusoma majina, na safari hii tumeomba shauri hilo lisifungwe mpaka naye aitwe aseme.