Injini Isiyokubali Kuzimika

Kwenye Mercedes-Benz za dizeli za miaka ya 1970 kuna kipande kidogo ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukiona. Fungua boneti, inama upande wa pampu inayopeleka mafuta kwenye nozeli, utakuta mkono mfupi ulioandikwa STOP. Kazi yake ni moja tu: kuizima injini pale ufunguo unaposhindwa.

Injini ya dizeli haina haja ya cheche. Ikishawaka, mafuta huungua kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na hata ukiichomoa betri itaendelea kunguruma. Njia ya kuizima ni kuinyima chakula. Wahandisi wa Stuttgart hawakutaka kuiachia kazi hiyo nyaya za umeme. Walitumia ombwe. Kuna pampu ndogo, inayoendeshwa na injini yenyewe, inayofyonza hewa kwenye mipira myembamba. Ukirudisha ufunguo, ombwe linavuta ngozi ya mpira iliyo ndani ya kikopo, mafuta yanakatwa, injini inakata roho. Ombwe hilohilo ndilo linalofunga milango yote kwa pamoja ukizungusha ufunguo kwenye mlango wa dereva, na usiku kukiwa kimya utasikia gari likivuta pumzi taratibu.

Sasa mpira ukizeeka na kupasuka, ombwe linavuja, na injini inagoma kuzimika. Ndiyo sababu ya ule mkono. Aliyeuchora alijua kwamba mpira utachakaa. Alijua pia kwamba siku hiyo, miaka mingi baadaye, atakayekuwa ameinama pale ni mtu mwingine mwenye grisi mikononi, pengine mbali sana na kiwandani, naye alitaka mtu huyo asihangaike. Nikiulizwa sifa ya Benz inatoka wapi, huanzia kwenye mkono huo. Nyota iliyosimama juu ya boneti naiacha kwa baadaye.

Najua sisi wasema Kiswahili tuliianzia kwenye nyota. Baada ya uhuru, Afrika Mashariki ilipopata mawaziri na wakurugenzi wake, lugha yetu ilifanya jambo ambalo sijui kama gari jingine limewahi kulifanyiwa: ilichukua jina la mhandisi wa Mannheim, ikaliwekea kiambishi cha watu, wakazaliwa Wabenzi. Kama kulikuwa na Wachaga na Wakamba, kwa nini kusiwe na Wabenzi? Kejeli ile ilikuwa kali na ya haki. Lakini iliwahusu waliokaa kiti cha nyuma. Wakati huohuo huko Ujerumani Benz ileile ya dizeli ilikuwa teksi, iliyopakwa rangi ambayo Wajerumani huiita pembe ya ndovu nyepesi, ikisubiri abiria nje ya stesheni za treni. Kwetu kitambulisho cha ukubwa, kwao chombo cha kutafutia riziki. Mwenye teksi hanunui heshima. Ananunua kilomita.

Tena sisi tuliokota jina la Benz, ilhali wenyeji wa Stuttgart mpaka leo hupenda kusema “Daimler”. Kampuni ina wazee wawili waliofanya kazi kwa wakati mmoja, mbali kidogo, bila kushirikiana. Karl Benz alipewa hataza namba 37435 kwa ombi la tarehe 29 Januari 1886, kwa gari la magurudumu matatu lenye nguvu isiyofika hata farasi mmoja. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walikuwa Cannstatt, nje ya Stuttgart, wakifunga injini yao kwenye kigari cha farasi mwaka huohuo. Kampuni zao ziliungana mwaka 1926, Daimler akiwa ameshafariki. Mercedes hakuwa fundi wala mwenye hisa. Alikuwa binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara wa Nice aliyeyauza magari ya Daimler na kuyashindanisha kwa jina la mtoto wake. Hayo yanajulikana, tupite.

Ambapo sipiti haraka ni safari ya Agosti 1888. Bertha Benz, mke wa Karl, alichukua gari la mumewe bila kumuaga, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, kilomita zaidi ya 100. Mafuta walinunua kwa mwuza dawa wa Wiesloch, maana vituo vya mafuta havikuwapo. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Waya ulipoanza kuleta shoti aliufunika kwa mkanda wake wa soksi. Breki za mbao zilipokwisha alimwendea mshona viatu, akazipigilia ngozi. Mlimani gari lilishindwa, vijana wakashuka kusukuma, na baada ya safari Karl aliongeza gia nyingine ya kupandia. Watu huisimulia habari hii kama hadithi ya mwanamke shujaa, nayo ni hivyo. Mimi huiona pia kama ripoti ya gereji. Safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa safari ya matengenezo tangu mwanzo hadi mwisho, na aliyeiongoza alirudi na orodha ya mambo ya kurekebisha.

Dizeli iliingia katika magari ya watu binafsi ya kampuni hii mwaka 1936, kwa 260 D iliyoonyeshwa Berlin, lita 2.6, farasi 45. Lakini kilele cha kazi hiyo, kwa hukumu yangu, ni gari lililotoka Januari 1976, ambalo kiwanda kiliita W123. Mpaka uzalishaji ulipokoma miaka kumi baadaye yalikuwa yametengenezwa karibu milioni 2.7. Mwanzoni foleni ya wanunuzi Ujerumani ilizidi mwaka mmoja, na kuna walionunua iliyokwisha kutumika kwa bei ya mpya ili wasisubiri. Usidhani walikuwa wakikimbilia mwendo. 200 D ilikuwa na farasi 55, na kuifikisha kilomita 100 kwa saa kulichukua karibu nusu dakika. Ukitaka kulipita lori ulipaswa kuanza kufikiria mapema.

Udhaifu huo wa nguvu ndio siri yenyewe. Injini nzito ya chuma, inayotoa nguvu kidogo kwa ukubwa wake, haijichoshi. Kila kitu ndani yake kimepewa nyama zaidi ya inayohitajika. Na kila kitu kinafunguka. Hilo nililiona vizuri asubuhi moja nilipokaa kwenye gereji ya mzee mmoja Mombasa, aliyekuwa na 240 D mbele yake na hakuwa akiigusa.

“Shikamoo, mzee. Mbona leo umekaa tu?”

“Marahaba, mwanangu. Naingoja ipoe. Ikiwa moto vipimo vitanidanganya.”

Tukangoja. Saa ya kuanza ilipofika alifungua kifuniko cha juu, akatia spana kwenye boliti ya mbele ya injini na kuizungusha kwa mkono, polepole, akilitazama nundu la kamshafti likipanda hadi likaelekea juu. Hapo vali imefunga kabisa. Akachukua fila, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, akaingiza kimoja kati ya kamshafti na kidole kinachosukuma vali. Vali ya kuingiza hewa inataka nafasi ya milimita 0.10, ya kutolea moshi 0.30. Kwenye injini hii kipimo hicho hupatikana kwa nati mbili zinazobanana juu ya ncha ya vali, na spana zake ni za pekee, zimepindwa shingo, kwa sababu pale ndani hapana pa kugeuzia mkono. Moja inashika kikombe cha springi, mbili zinapigana na nati. Unapokaza nati ya pili, kipimo kinasogea kidogo, kwa hiyo unapima tena. Alipima tena. Fila inatakiwa ipite ikijikwaruza kidogo, kama kisu kinachopita kwenye ngozi ya embe. Alivuta, akatikisa kichwa, akalegeza, akaanza upya. Vali nane. Ilikwenda hadi adhuhuri.

Nilimwuliza kama injini ilikuwa imepiga kelele ndipo mwenyewe akaileta. Alicheka. Tapeti, yaani hiyo nafasi ya vali, ikilegea hugonga, akasema, na kila mtu huisikia. Ikibana ni kimya. Vali za injini hii hujichimbia kidogo kidogo kwenye kitako chake, nafasi inapungua, na gari linazidi kutulia huku likipoteza mbano, mpaka asubuhi moja ya baridi linakataa kuwaka. Ndiyo maana kitabu cha gari kinataka kazi hiyo kila kilomita 24,000 hata kama hakuna unachosikia. Ni mkataba kati ya waliounda na wanaotunza: sisi tumekupa chuma kisichoisha, nawe utatupa asubuhi moja ya subira.

Upande wa pili wa ustadi wa kampuni hii ni kinyume kabisa cha chuma kisichoisha. Mwaka 1939 Wilhelm Haspel, mkubwa katika kampuni, alimwajiri Béla Barényi, mzaliwa wa Hirtenberg karibu na Vienna. Barényi alikuwa amemweleza kasoro za magari ya Mercedes bila kumumunya maneno, na Haspel aliona kwamba huyu anawaza miaka 15 au 20 mbele. Wakati ule wote waliamini gari salama ni gari gumu. Ukiligonga likibaki bila kujikunja, ni gari zuri. Barényi alijiuliza swali ambalo lilikuwa wazi mbele ya kila mtu: ule mwendo unakwenda wapi? Ikiwa chuma hakiupokei, utapokewa na kifua cha abiria. Katika hataza aliyoiomba mwaka 1951 aligawa gari sehemu tatu, ya katikati ngumu kama sanduku, ya mbele na ya nyuma zenye kukubali kuvunjika kwa mpango. Gari la kwanza lililojengwa kwa wazo hilo lilitoka mwaka 1959, na mwaka huohuo kiwandani Sindelfingen wakaanza kuyagongesha magari yao wenyewe makusudi. Baadaye, ili kuyapa mwendo, waliyasukuma kwa roketi ya maji ya moto. Barényi alifariki mwaka 1997 akiwa na hataza zaidi ya 2,500. Kutengeneza kitu kizuri kiasi hiki na kukadiria jinsi kitakavyoharibika kunahitaji unyenyekevu ambao mafundi wengi hatuna.

Sifa hii ina madoa, na mwenye kuipenda kazi hapaswi kuyafunika kwa turubai. Wakati wa vita vya pili vya dunia Daimler-Benz iliifanyia serikali ya Hitler kazi, na kufikia mwaka 1944 karibu nusu ya wafanyakazi wake walikuwa watu waliolazimishwa: raia wa nchi zilizotekwa, mateka wa vita, wafungwa wa kambi. Chuma hakina dhambi, ila kampuni inayo.

Doa jingine ni la ufundi wenyewe. Mwaka 1989 Toyota ilileta Lexus, gari la kifahari lililotulia na la bei nafuu zaidi, na Stuttgart ikashtuka. Hesabu ikageuzwa. Zamani wahandisi walitengeneza gari, bei ikafuata. Sasa bei ilitangulia. Magari ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalitoka na nyaya ambazo ngozi yake inamomonyoka kama biskuti. E-Class ya mwaka 1995 ikala kutu milangoni. Mwaka 1997 A-Class ndogo ilipinduka Sweden ikijaribiwa kukwepa kizuizi cha ghafla, na kampuni ikalazimika kuziwekea zote mtambo wa kuzuia kuteleza. Mwaka 2005 iliyaita magari milioni 1.3 yarudi kurekebishwa. Mwaka 2020 ikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2 Marekani kumaliza kesi za moshi wa dizeli zake, dizeli ileile iliyoijengea jina. Nyota haikupungua ukubwa muda wote huo. Ilizidi kukua, na siku hizi huwekwa katikati ya grili, tena inawaka taa.

Sisemi kwamba mpya ni mbovu. Pale Affalterbach, kwenye tawi la AMG, injini nyingi bado hufungwa na fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na jina lake linabandikwa juu yake. Ni desturi nzuri. Lakini aliyechora ule mkono wa STOP hakuandika jina lake popote.

Katika jumba la makumbusho la Mercedes-Benz lililoko Stuttgart kuna teksi moja kutoka Thessaloniki, Ugiriki. Ni 240 D ya mwaka 1976, ndugu mkubwa wa W123. Gregorios Sachinidis aliinunua mwaka 1981 ikiwa tayari imekwenda kilomita 220,000, akaifanyia kazi akiwa na injini za akiba alizozibadilisha kwa zamu, moja ikienda, nyingine ikitengenezwa. Alipoikabidhi kwa kampuni mwaka 2004 ilikuwa imetembea kilomita milioni 4.6. Wakampa gari jipya badala yake.

Nawe kama baba au babu alikuachia moja ya dizeli hizi, na bado imesimama uani chini ya mwembe, usikimbilie kuipaka rangi. Anza na tapeti. Ya kuingiza 0.10, ya kutolea 0.30, injini ikiwa baridi.